Joto la Prosesa na Elimu ya Kulisoma: Uchambuzi wa Hali ya Nakivale na Mbarara

Mwenye kompyuta anapoipeleka kwa fundi, iwe ni katika vibanda vya Base Camp huko Nakivale au katika maduka ya mjini Mbarara, aghalabu huwa na moja ya mashtaka matatu: ya kwamba mashine imekuwa nzito, ya kwamba feni yake inavuma bila kutua, au ya kwamba inazimika ghafla katikati ya kazi; na jawabu analopewa, mara nyingi kabla ya mashine yenyewe kufunguliwa, ni kuwa imepata moto kwa sababu ya jua. Jawabu hilo lina chembe ya ukweli, lakini hufunga mlango wa uchunguzi, kwa kuwa mtu akisharidhika kwamba sababu ni tabia ya nchi hatafuti tena ile iliyo ndani ya uwezo wake. Muradi wangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba joto la prosesa ni habari inayosomeka, na kwamba tarakimu ya digrii ikitazamwa peke yake haina maana yoyote mpaka ilinganishwe na hewa ya chumbani, na kazi inayofanywa, na historia ya mashine ile ile.

Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ilipokuwa ikiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, nayo iko kando ya ziwa la jina hilo hilo, katika wilaya ya Isingiro ambayo ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Leo humo wanakaa Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia, na Kiswahili, hasa kile kilichokuja na Wakongo na Warundi, ni mojawapo ya lugha kubwa za soko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 iliwapa watu hawa haki ya kufanya kazi na kutembea, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, walipochapisha mwaka 2014 uchunguzi wao juu ya uchumi wa wakimbizi wa Kampala, Nakivale na Kyangwali, walieleza jinsi simu na intaneti zilivyoingia katika biashara za watu hawa. Kompyuta moja katika kibanda cha huko hupiga chapa barua za maombi, hutoa nakala, husafisha picha za pasipoti, hujaza muziki kwenye flashi, na jioni humfundishia mtoto hesabu. Ikifa, nyumba nzima huingia dhiki. Kwa hiyo suala la joto la kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha ni suala la rizki, na ndivyo ninavyolichukulia.

Tuanze na jua, maadamu ndilo mshtakiwa. Mbarara imejengwa katika kimo cha zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Nakivale iko chini yake kidogo. Joto la adhuhuri katika nchi hii kwa kawaida huwa kati ya digrii 25 na 30, na usiku hushuka hata mtu akatafuta blanketi. Ukilinganisha na Mombasa au Maskati, ambako kompyuta za aina ile ile zinafanya kazi mwaka mzima, Mbarara ni mahali pa starehe kwa mashine. Lakini yako mambo mawili ambayo kipimajoto kilichotundikwa kivulini hakiyasemi. La kwanza ni kwamba kibanda kilichoezekwa kwa mabati bila ya dari huwa na joto lake chenyewe, na saa nane mchana hewa ya ndani huweza kuipita ya nje kwa digrii nyingi. La pili, ambalo ni nadra kusikia likitajwa, ni wepesi wa hewa: katika kimo cha mita 1,400 uzito wa hewa ni takriban sehemu 85 tu katika 100 za ule wa pwani, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile huvuta hewa pungufu kwa uzito na kuchukua joto pungufu. Kompyuta iliyopimwa Dar es Salaam na kuonekana salama, ikipandishwa mpaka Mbarara hupoteza sehemu ya uwezo wa feni yake, ingawa hufidiwa na ubaridi wa hewa yenyewe.

Baada ya hayo, sharti tuulize joto linatoka wapi. Prosesa ni mkusanyiko wa mabilioni ya transista, na kila transista inapofunguka au kufungika hutumia chembe ya umeme. Umeme huo haupotei wala hauhifadhiwi, bali wote, takriban bila kubakiza, hugeuka kuwa joto. Kiasi cha nguvu inayotumika hutegemea kasi ya kazi na hutegemea zaidi volti, kwa kuwa huongezeka kwa mraba wa volti: ukipunguza volti kwa sehemu moja katika kumi, nguvu hupungua kwa takriban sehemu moja katika tano. Fauka ya hayo, kuna umeme unaovuja katika transista hata pale ambapo hazifanyi kazi, na uvujaji huo huzidi kadiri silikoni inavyozidi kupata moto, hata ikawa joto linazaa joto. Mwanasayansi Robert Dennard wa kampuni ya IBM, pamoja na wenzake, alieleza mwaka 1974 kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volti zake, kasi huongezeka bila ya joto kuzidi katika eneo lile lile; na kwa muda wa miaka thelathini viwanda viliishi kwa neema ya kanuni hiyo. Prosesa ya kwanza ya Pentium ya kampuni ya Intel, ya mwaka 1993, ilitumia takriban wati 15. Kufika mwaka 2004, volti zilipokuwa haziwezi kupunguzwa tena kwa sababu ya uvujaji, Pentium 4 ilikuwa imepanda mpaka wati 115, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Intel iliacha mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahetsi 4. Tangu hapo ndipo tulipoanza kupewa prosesa zenye viini viwili, vinne na zaidi, badala ya kiini kimoja cha kasi isiyo na kikomo. Na hakika umbo la kila kompyuta iliyo mezani leo ni matokeo ya kushindwa huko kuliondoa joto.

Ama njia ya joto kutoka ndani ya silikoni mpaka hewani, hiyo ndiyo inayostahili nadhari kubwa zaidi, kwa kuwa takriban maradhi yote tunayoyaona yako humo. Kwanza joto huvuka kutoka kwenye silikoni kwenda kwenye bamba la shaba. Nyuso mbili za chuma, hata zikiwa laini namna gani, hazigusani kikamilifu, na katika nafasi zinazobaki hukaa hewa, nayo shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Ndiyo sababu katikati hupakwa pesti, ambayo kazi yake ni kuifukuza hewa hiyo. Pesti ni dawa yenye umri. Baada ya miaka kadhaa ya kupata moto na kupoa mafuta yake hutengana na unga, ikawa kavu kama chaki, na hapo hewa hurudi mahali pake. Kompyuta zinazouzwa kwa mkono wa pili, yaani sehemu kubwa ya zile zilizomo Nakivale na Mbarara, huwa zimekwisha kutumika miaka mitano, saba au zaidi maofisini Ulaya au kwingineko kabla ya kupakiwa, na wauzaji aghalabu hubadilisha diski na kusafisha kioo, lakini ni wachache wanaofungua mpaka kwenye pesti.

Kutoka kwenye bamba, joto la kompyuta mpakato huchukuliwa na bomba bapa la shaba, ambalo ni uvumbuzi uliotengenezwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani mwaka 1963. Ndani ya bomba hilo mmewekwa maji kidogo katika hali ya ukosefu wa hewa, hata yakachemka kwa joto dogo. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi na kurudi kuwa maji, kama unavyoona matone yakikusanyika chini ya majani ya mgomba yaliyofunika sufuria ya matoke, kisha maji hunyonywa na utambi wa chuma na kurudi yalikotoka. Bomba hilo likitobolewa au likikunjwa na fundi mwenye haraka, halitengenezeki tena. Mwisho wa bomba kuna mapezi membamba ya shaba au aluminiamu, na mbele yake feni, na hapa ndipo vumbi linapofanya hujuma yake.

Barabara na vichochoro vya Nakivale ni vya udongo mwekundu, na katika kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti na tena Januari na Februari, kila pikipiki inayopita huacha wingu. Vumbi hilo ni jembamba kuliko la mjini, huingia kila tundu, na likikutana na nywele, nyuzi za nguo na mafuta ya jikoni, hujenga pazia kati ya feni na mapezi. Mwenye mashine hulifuta vumbi la kioo kila asubuhi, ilhali lile la ndani halioni. Feni husikika ikivuma kwa nguvu zote na hewa haitoki. Ukiweka kiganja mbele ya tundu la kutolea joto hutahisi kitu. Lau ningeambiwa nichague sababu moja tu ya kompyuta kufa kabla ya wakati katika nchi hii, ningelichagua pazia hilo, wala si jua. Na desturi yetu njema ya kufunika vyombo kwa vitambaa vilivyodariziwa, ambayo huikinga kompyuta iliyozimwa, huigeukia kuwa taksiri kubwa pale mashine inapowashwa na kitambaa kikaachwa kimeziba matundu. Wakadhalika kuiweka juu ya godoro au mto, kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi huvuta hewa kwa chini.

Sasa tuje kwenye vipimo. Zamani prosesa nyingi hazikujijua kuwa zina moto. Mwezi wa Septemba mwaka 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha picha za video za majaribio ambamo kipoza joto kiliondolewa makusudi huku kompyuta ikifanya kazi: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, ilhali prosesa ya Athlon ya kampuni ya AMD ilitoa moshi na kufa katika muda mfupi sana. Baada ya mkasa ule ulinzi wa joto ndani ya prosesa ulienea ukawa jambo la kawaida. Mwaka 2006, pamoja na Core Duo, Intel iliweka ndani ya kila kiini kipimajoto cha tarakimu, na siku hizi hakuna prosesa ya maana isiyokuwa nacho, hata katika simu.

Jambo la kufahamu hapa ni kwamba vipimajoto hivyo vya Intel, kwa asili ya muundo wake, havipimi digrii kutoka sifuri kwenda juu. Vinapima umbali uliobaki kabla ya kufika kikomo kilichowekwa na kiwanda. Kwa prosesa nyingi za kompyuta mpakato kikomo hicho ni digrii 100 au 105. Kwa prosesa nyingi za meza za AMD za jamii ya Ryzen 7000 ni 95. Programu hutwaa kikomo, ikatoa umbali, ikatuandikia jawabu. Kwa hiyo kipimo ni sahihi zaidi karibu na kikomo na huyumba kadiri mashine ilivyo baridi: tofauti ya digrii tatu au nne asubuhi, mashine ikiwa imetulia, haistahili kujadiliwa. Vilevile ziko tarakimu za uongo ambazo humtisha asiyezijua. Programu ikikuonyesha digrii 127, au sifuri, au hasi 128, isiyobadilika hata kidogo, hicho ni kipimajoto kisichounganishwa na chochote kwenye bodi, nawe kipuuze.

Joto likifika kikomo, prosesa hujipunguzia kasi na volti ili lisipande zaidi. Na likizidi hata hivyo, umeme hukatwa papo hapo. Hapa ndipo palipo na mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Mashine iliyofika kikomo hubaki pale pale, kwenye 97 au 100, kwa kuwa inajizuia. Kipimajoto hapo kimekoma kutoa habari. Kompyuta mbili zinaweza kuonyesha 97, moja ikiwa inatoa kasi yake yote, gigahetsi 3 kwa mfano, na ya pili ikiwa imeshuka mpaka 1.2, na mwenyewe akalalamika kuwa ni nzito, akanunua kumbukumbu mpya bure. Digrii ni lazima isomwe pamoja na kasi. Yeyote anayepima joto bila ya kutazama gigahetsi amesoma nusu ya barua.

Kanuni ya kusoma, basi, ni ya mlinganisho. Chukua kipimajoto cha kawaida cha ukutani, ujue hewa ya chumba. Iache mashine itulie robo saa, uandike. Kisha uipe kazi nzito ya namna ile ile kila mara, kwa robo saa nyingine, uandike digrii, kasi, na hali ya feni. Tuseme hewa ni 26, na mashine katika kazi imefika 82: tofauti ni 56, na hiyo tofauti ndiyo sura ya mashine yako. Baada ya miezi sita, siku ya jua kali, hewa ya kibanda ikiwa 31, ukakuta 87, usifungue kitu, kwa kuwa tofauti ni ile ile 56 na mashine ni nzima. Lakini ukikuta 97 katika hewa ya 26, na kasi imeshuka, tofauti imekuwa 71 na njia ya joto imeziba mahali. Mtu aliyetazama tarakimu peke yake angeliogopa 87 kama alivyoiogopa 97, naye asingejua ipi ni habari ya chumba na ipi ni habari ya mashine.

Na hata mahali palipoziba huweza kujulikana kabla ya bisibisi kutolewa, ukiutazama mwendo wa kupanda. Joto likiruka kutoka 45 mpaka 95 mara tu kazi inapoanza, katika sekunde chache, na likaanguka vivyo hivyo kazi inapokoma, basi joto halitoki kwenye silikoni kwenda kwenye shaba: pesti imekauka, au parafujo moja imelegea. Likipanda taratibu kwa dakika nyingi, na kushuka kwake kukawa kwa kusitasita, basi shaba imelipokea lakini hewa hailichukui: ni pazia la vumbi, au feni iliyochoka. Likiwa juu ilhali huna kazi unayoifanya, tazama orodha ya programu zinazoendeshwa, kwa kuwa huenda kuna masasisho yanayopakuliwa, au kirusi kilichokuja na flashi za wateja. Na mashine inayozimika ghafla ikiwa kwenye digrii 60 kwa kawaida haina kosa la joto la prosesa. Mtafute mwizi katika betri, chaja au inveta.

Programu za kupimia si haba na nyingi ni bure. Katika Windows ziko HWiNFO, HWMonitor na Core Temp, kwa kuwa dirisha la kawaida la kusimamia kazi halionyeshi joto la prosesa. Katika Linux kuna amri ya sensors kutoka kifurushi cha lm-sensors. Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotumika katika maktaba za shule zisizo na intaneti, hutoa joto lake kwa amri ya vcgencmd measure_temp, nayo huanza kujizuia kati ya 80 na 85. Programu ziwekwe mbili tu zinazoaminika, na zipakuliwe kwa watengenezaji wenyewe.

Yapo mabishano ya zamani juu ya kiasi cha kuogopwa. Kundi moja husema kila kinachopita 70 ni hatari. Jingine husema maadamu kiwanda kimeruhusu 100, basi 99 ni salama. Kwa insafu, la pili liko karibu zaidi na haki kuhusu prosesa yenyewe: silikoni ni mvumilivu, na ni nadra kuona prosesa iliyokufa kwa moto tangu ulinzi ulipowekwa. Lakini kundi hilo husahau majirani. Kapasita zenye majimaji hupoteza takriban nusu ya umri wao kwa kila digrii 10 zinazoongezeka. Betri ya lithiamu iliyo sentimita chache kutoka kwenye bomba la joto huzeeka upesi, ikavimba na kuinua kibodi. Mafuta ya feni hukauka. Isitoshe, kupanda na kushuka kwa joto kuna madhara yake mbali na ukali wa joto lenyewe. Mwezi wa Julai mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za michoro za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika, na tatizo lilikuwa katika viungo vya risasi na ufungaji wa chipu visivyostahimili mzunguko wa moto na baridi. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi, na kompyuta kuwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, mzunguko huo ni mwingi kuliko ofisini London. Hukumu yangu ni kwamba 80 hadi 85 katika kazi nzito haina lawama, 90 na zaidi kwa saa nyingi kila siku ni hasara inayolipwa polepole na betri na bodi, na kufika kikomo ni ishara ya kuifungua mashine wiki hiyo hiyo.

Kuna upande mmoja wa suala hili ambao naona haujapewa uzito wake katika mahali kama Nakivale, nao ni wa umeme. Nyumba na maduka mengi ya huko hutegemea sola, na mwenye sola hununua wati zake mara moja tu, siku anaponunua paneli na betri. Baada ya hapo kila wati inayokwenda kwenye mashine inaondolewa kwenye taa ya usiku na simu za wateja. Madhali joto ni umeme uliokwisha kutumika, kipimajoto ni daftari la matumizi. Prosesa za kompyuta mpakato zilizokusudiwa wati 15, zile ambazo jina lake kwa muda mrefu liliishia na herufi U, hufanya kazi zote za kibanda; prosesa ya meza ya wati 65 hufanya zile zile kwa gharama ya betri kubwa zaidi na feni yenye kelele. Mwenye kununua ya mkono wa pili na aitazame herufi hiyo kabla ya kuutazama ukubwa wa kioo.

Na kwa aliye na mashine tayari, ipo tadbiri isiyo na gharama. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, kikomo cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 mpaka 99, mashine nyingi za Intel huacha ile kasi ya ziada inayopandishwa kwa muda, ambayo ndiyo inayodai volti kubwa; na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, joto huweza kushuka kwa digrii kumi au zaidi ilhali mwandishi wa barua hahisi tofauti yoyote. Nawasihi wenye vibanda waijaribu kwanza, kabla ya kununua meza za feni zinazouzwa kwa bei kubwa na ambazo, ikiwa mapezi yameziba, hazina faida.

Simu nayo ni kompyuta, na ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Haina feni wala tundu. Joto lake hutoka kwa kupitia kioo na mgongo, na ikizidiwa hupunguza mwanga, hupunguza kasi, na hukataa kuchaji. Apple, kwa mfano, huwaambia wateja wake watumie iPhone katika hewa isiyozidi digrii 35. Simu iliyolazwa juu ya paneli ya sola ili ichajiwe, jua likiwa utosini, huvuka kiasi hicho upesi. Waya wa mita mbili unaoifikisha kivulini ni ulinzi bora wa betri kuliko kifuko chochote cha mpira.

Kuhusu kusafisha nitasema machache, kwa kuwa mafundi wanajua. Betri iondolewe kwanza. Feni ishikwe kwa kidole au kijiti wakati wa kupuliza kwa blowa, isije ikazunguka kupita kasi yake na kuharibika. Pazia la vumbi litolewe kwa mkono upande wa mapezi, kwa kuwa upepo peke yake hulisukuma likarudi. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti, na mpya itiwe kidogo, kadiri ya punje ya mchele kwa prosesa ndogo. Na dawa ya meno, ambayo wengine huitumia badala ya pesti, hufanya kazi kwa siku chache kisha hukauka, ikawa mbaya kuliko iliyotolewa. Fundi anayeijali heshima yake asiiguse.

Ninalowaomba mafundi wa Nakivale na Mbarara, na walimu wanaofundisha kompyuta katika shule za Isingiro, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, ni kwamba tuache kukisia. Kila kompyuta inayotengenezwa iondoke na kikaratasi kilichobandikwa chini yake, chenye tarehe, joto la chumba, joto la mashine ikiwa imetulia, joto lake katika kazi, na kasi yake. Na fundi atakayeifungua baadaye, awe Mkongo, Mnyankole au Msomali, aandike chini ya mstari huo mstari wake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala chombo kipya, ila kipimajoto cha ukutani, programu ya bure na kalamu. Na wakati wa kuianza ni kabla ya mwezi wa Juni, vumbi halijaanza.